Vijana wetu wanasoma udaktari kwa masikio: Nani anawasikiliza?

Kila mwaka vyuo vikuu vinapofungua milango, mji wa Dodoma hupokea vijana kutoka kila pembe ya nchi. Wapo wanaoshuka na mabasi ya Kondoa na Singida, wapo wanaokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam na Morogoro, na wapo wanaotoka vijiji vya Bahi, Chemba na Mpwapwa wakiwa na sanduku moja na dua za wazazi. Miongoni mwao wamo watoto wa Kiislamu waliochaguliwa kusomea udaktari, jambo ambalo kwa familia nyingi za nyanda hizi za kati ni neema kubwa na mzigo mkubwa kwa wakati mmoja. Sisi katika kamati ya msikiti huwaona vijana hawa katika swala za jamaa, huwasaidia kutafuta makazi wale wasio na ndugu mjini, na mara nyingi huwa ndio wa kwanza kupigiwa simu wazazi wanapoingiwa na wasiwasi.

Wasiwasi mmoja umejirudia sana. Mzazi husema: "Mwanangu kutwa kucha ana spika masikioni. Akipanda daladala anazo, akifua nguo anazo, akilala anazo. Nimempeleka kusoma au kusikiliza muziki?" Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa uadilifu. Wengi wa vijana hao wanasoma kweli, na njia wanayoitumia ina asili kongwe na yenye heshima katika elimu yetu. Hata hivyo, wazazi nao wana haki ya kuhofu, kwa kuwa njia hiyo ina sharti moja ambalo likiachwa, kijana anaweza kusikiliza mwaka mzima na akafeli.

Kinachoingia masikioni

Somo linalowakosesha usingizi wanafunzi wengi katika miaka ya mwanzo ya udaktari linaitwa fiziolojia. Jirani yake ni anatomia. Anatomia humfundisha mwanafunzi jinsi mwili ulivyojengwa: mfupa gani umeungana na upi, mshipa gani unapita wapi. Fiziolojia humfundisha jinsi mwili huo unavyofanya kazi: kwa nini moyo unadunda, pumzi inaingiaje katika damu, figo zinajuaje kiasi cha maji cha kubakiza na cha kutoa. Anatomia humtaka mwanafunzi atazame na kugusa. Fiziolojia ni mfululizo wa matukio, moja likisababisha jingine, na kwa sababu hiyo husimulika.

Tuchukue mfano wa moyo. Damu iliyokwisha toa oksijeni yake mwilini hurejea katika chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo, ikashuka chumba cha chini, kisha ikasukumwa kwenda mapafuni. Huko huacha hewa chafu na kuchukua oksijeni, ikarudi chumba cha juu cha upande wa kushoto, ikashuka tena chini, na hapo ukuta mnene wa misuli huisukuma kwa nguvu kwenda mwili mzima. Kati ya vyumba hivyo pana vali, yaani vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi ilikotoka. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hudunda kiasi cha mara 70 kwa dakika na kusukuma takriban lita 5 za damu katika dakika hiyo moja. Kwa siku nzima ni mapigo yapatayo 100,000, na hakuna hata moja ambalo mwenye moyo ameliamuru mwenyewe. Subhanallah.

Maelezo kama hayo mtu anaweza kuyafuata akiwa amefumba macho. Ndiyo maana vijana hurekodi sauti zao wenyewe wakisoma madaftari, hupakua mihadhara ya walimu wa ndani na nje ya nchi, au hutumiana rekodi katika makundi yao ya WhatsApp. Zipo sababu nyingine za kimaisha pia. Mhadhara hutolewa kwa Kiingereza, na kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili aghalabu hupitwa na maneno mengi mara ya kwanza. Rekodi humruhusu kurudia sentensi moja mara tano bila kumwonea haya mtu yeyote. Rekodi ya sauti hula bando dogo kuliko picha za video, na ikishahifadhiwa kwenye simu husikilizwa hata pasipo mtandao. Tena Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimetandazwa juu ya vilima vya Chimwaga na maeneo yanayopakana navyo, na mwanafunzi hutembea mwendo mrefu kutoka jengo moja hadi jingine. Muda huo wa njiani, kwa mwenye kuhisabu wakati wake, ni hazina.

Elimu iliyopita masikioni kabla yetu

Waislamu hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hili. Katika Surat An-Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba tulitoka matumboni mwa mama zetu hatujui kitu, naye akatujaalia kusikia, kuona na nyoyo. Kusikia kumetajwa mwanzo. Elimu ya mwili nayo inatuambia kwamba mtoto huanza kusikia angali tumboni, katika miezi ya mwisho ya ujauzito, wakati macho yake bado hayajapata cha kutazama. Kisha akizaliwa, wazee wetu humwadhinia sikioni.

Qur'ani yenyewe imetufikia kwa njia ya sikio na ulimi. Mtoto wa madrasa hukaa mbele ya mwalimu, akasikia, akarudia, akasahihishwa, akarudia tena. Wanazuoni wa hadithi nao waliweka njia zao za kupokea elimu, na mbili kati ya hizo zilikuwa kuu: mwanafunzi kumsikiliza sheikh akisoma, nayo waliiita samaa, na mwanafunzi kumsomea sheikh naye sheikh akisikiliza, nayo waliiita ardhi au qiraa. Msomaji azingatie njia hiyo ya pili, maana ndiyo kiini cha makala haya. Imepokewa kwamba Jibril (A.S.) alikuwa akimjia Mtume Muhammad (S.A.W.) kila Ramadhani wakaidurusu Qur'ani, na katika mwaka wa mwisho wa uhai wake wakaidurusu mara mbili. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alikuwa akirejea aliyofunzwa mbele ya aliyemfikishia, sisi ni nani hata tutosheke na kusikia tu?

Katika tiba pia njia hii inajulikana. Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, anafahamika zaidi kwa kitabu chake kikubwa cha Al-Qanun. Pamoja na kitabu hicho alitunga utenzi wa tiba wenye beti zaidi ya 1,300, unaoitwa Al-Urjuza fi al-Tibb, ambao Ibn Rushd alikuja kuuandikia sherehe. Ibn Sina alijua kwamba kitabu kikubwa hakibebeki kichwani, lakini kanuni zikipangwa kwa mizani na vina, mwanafunzi atazihifadhi kwa kusikia na kuzitamka, na atazikumbuka akiwa kando ya mgonjwa ambako hakuna rafu ya vitabu. Kijana wa leo anayejirekodia muhtasari wa somo la figo na kuusikiliza ndani ya daladala ya Nkuhungu anapita njia hiyo hiyo.

Daktari ni msikilizaji

Zaidi ya hayo, kazi ya udaktari yenyewe inahitaji sikio. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari aitwaye René Laennec alijiwa na mwanamke kijana mwenye dalili za maradhi ya moyo. Desturi ya wakati ule ilikuwa daktari kuweka sikio lake moja kwa moja juu ya kifua cha mgonjwa. Laennec aliona hilo halina stara kwa binti yule. Akaviringisha karatasi ikawa kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni, akashangaa kuusikia moyo kwa uwazi kuliko alivyowahi kuusikia. Kutokana na haya ile ikazaliwa stethoskopu, kile kifaa ambacho madaktari huning'iniza shingoni.

Anachokisikia daktari humo ni milio miwili inayofuatana. Wa kwanza hutokana na kufungwa kwa vali zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini. Wa pili hutokana na kufungwa kwa vali za mishipa mikubwa inayotoka moyoni. Vali isipofunga sawasawa, damu huvuja kurudi nyuma na kutoa mvumo ambao sikio lililofunzwa hulitambua tatizo kabla ya kipimo kingine chochote. Kadhalika kipimo cha shinikizo la damu. Mwaka 1905 daktari wa Kirusi, Nikolai Korotkov, alieleza kwamba mkanda ukikazwa mkononi hadi damu isipite, kisha ukalegezwa polepole, mlio wa kwanza unaosikika chini ya mkanda ndio namba ya juu, na pale milio inapotoweka ndipo namba ya chini. Mashine za betri tunazoziona siku hizi zimerahisisha kazi, lakini daktari hana budi kuujua msingi huo kwa sikio lake. Wanafunzi wanaoingia mafunzoni katika Hospitali ya Benjamin Mkapa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Dodoma watayakuta hayo katika wodi, na aliyezoea kusikiliza kwa makini ameshatangulia hatua moja.

Pale sikio lilipoachwa peke yake

Sasa tuigeukie hofu ya wazazi, kwani haikuzuka bure. Yupo binti mmoja, asili yake Kondoa, anayesomea udaktari hapa mjini. Mama yake ametuidhinisha tukieleze kisa chake bila kutaja jina wala chuo. Katika muhula wake wa kwanza binti huyo alisikiliza kwa bidii isiyo ya kawaida: asubuhi akienda darasani, mchana akipanga foleni ya chakula, usiku hadi usingizi umchukue. Jaribio la kwanza la fiziolojia lilipotoka, alikuwa amefeli. Mama alipopata habari alizitupia lawama spika za masikioni na kumtaka aziache kabisa. Binti akalia kwamba bila rekodi zile hawezi hata kuanza, kwa sababu Kiingereza cha mwalimu kinampita mbio. Shauri likaletwa kwetu.

Mzee mmoja anayefundisha madrasa ya msikitini kwetu kwa miaka mingi, ambaye hajasoma tiba hata siku moja, alimsikiliza binti mpaka mwisho kisha akamuuliza: "Mwanangu, jana usiku ulisikiliza nini?"

"Shikamoo ustadh. Nilisikiliza mzunguko wa damu."

"Marahaba. Hebu nisomee."

Binti akaanza. Sentensi tatu zilimtoka vizuri. Ya nne akakwama, akarudi nyuma, akachanganya upande wa kulia na wa kushoto, kisha akanyamaza. Ustadh hakumkemea. Alimwambia: "Wewe umesikia, lakini hujamsomea mtu. Hapa madrasani mtoto akisikia Surat Yasin mara mia bila kuisoma mbele yangu, simwandiki kuwa ameihifadhi. Atadhani anaijua kwa sababu akiisikia haimshangazi. Kuizoea sauti si kuijua."

Tangu siku hiyo utaratibu ulibadilika. Binti alisikiliza dakika kumi tu, akazima, akachora moyo kwa penseli na mishale ya damu, kisha akasema kwa sauti yake alichokisikia. Penye pengo alirudi kwenye rekodi na kitabu. Na kila usiku baada ya Isha alimpigia simu mama yake Kondoa, akamsimulia somo la siku hiyo kwa Kiswahili na Kirangi. Mama hakujua jina hata moja la Kiingereza, lakini alijua pale hadithi inapokatika. Alikuwa akiuliza: "Umesema damu iko mapafuni. Sasa imefikaje mguuni? Imeruka?" Swali hilo la mama lilimfaa binti kuliko saa nzima ya rekodi, kwa sababu lilimwonyesha mahali hasa asipopaelewa. Mtihani wa mwisho wa mwaka alifaulu.

Kisa hakikuishia kwenye mtihani. Mama huyo ana shinikizo la damu, na alikuwa na mazoea ambayo wengi katika jamii yetu tunayo: akiumwa kichwa anameza dawa, akijihisi mzima anaacha. Usiku mmoja somo lilikuwa ni mishipa ya damu. Binti alimweleza kwamba shinikizo likiwa juu kwa miaka, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, ukuta wake wa kushoto ukawa mnene kupita kiasi, mishipa midogo ya figo na ya macho ikaharibika, na mshipa wa ubongo ukaweza kupasuka au kuziba, ndicho kiharusi. Na kwamba hayo yote yanaweza kuendelea bila mwenyewe kuhisi maumivu yoyote. Mama alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Kwa hiyo mimi nikijiona mzima, ndani bado inakwenda?" Binti akajibu: "Ndiyo mama." Tangu hapo, kwa maelezo ya mama mwenyewe, hajaruka siku. Maneno hayo alikuwa ameshaambiwa zahanati mara kadhaa, ila hayakuwahi kusimuliwa kwake polepole kwa lugha yake, na mtu anayemsubiri aulize.

Funzo la redio ya mwaka 1973

Nchi yetu imewahi kulijaribu jambo hili kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma 12, Radio Tanzania ilirusha vipindi juu ya malaria, minyoo ya safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, yaani namna maradhi hayo yanavyouingia mwili na namna ya kuyazuia. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Wazee wetu waliokuwa vijana wakati huo bado wanaikumbuka.

Waandaaji wa kampeni ile walifahamu kwamba redio ikiachwa peke yake ingekuwa kelele tu. Kwa hiyo wananchi walikusanywa katika vikundi, maelfu kwa maelfu nchi nzima. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu chenye maelezo ya kipindi. Watu walisikiliza, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Sauti ilianzisha, maandishi yakathibitisha, mazungumzo yakafafanua, na mikono ikatenda.

Karibu nasi, katika wilaya ya Chamwino, ipo Shule ya Wasioona ya Buigiri, iliyoanzishwa mwaka 1950. Mtu angetarajia kwamba hapo sikio lingefanya kazi zote. Lakini hata watoto wasioona hufundishwa maandishi ya nukta nundu ili wasome kwa ncha za vidole. Sikio ni mlango mpana, ila halikuumbwa liwe mlango pekee.

Tahadhari tatu

Ya kwanza ni kwamba sauti hubeba kosa kama inavyobeba ukweli. Kwa zaidi ya miaka 1,000 matabibu walipokezana kauli ya Galen kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta uliopo kati. Kila mwalimu aliisikia kwa mwalimu wake. Akaja Ibn al-Nafis, tabibu wa Kiislamu aliyefariki Cairo mwaka 1288, akaandika katika sherehe yake ya kitabu cha Ibn Sina kwamba ukuta ule hauna tundu, na kwamba damu hupita mapafuni kabla ya kufika upande wa kushoto. Alimheshimu Ibn Sina, na hata hivyo hakulipokea kosa kwa ajili ya heshima. Kijana anayepokea rekodi katika simu aulize: msemaji ni nani, amesoma wapi, na kitabu cha somo kinasemaje? Hiyo ndiyo sanadi ya elimu yake. Rekodi isiyojulikana chanzo chake haifai kumpeleka mtu kwenye kitanda cha mgonjwa.

Ya pili ni amana. Mhadhara wa mwalimu hurekodiwa kwa idhini yake. Ama mgonjwa, maneno yake ni siri, na hairuhusiki kurekodi sauti yake wodini na kuisambaza kwa kisingizio cha kujifunza.

Ya tatu ni sikio lenyewe. Ndani kabisa ya kila sikio mna takriban seli 15,000 zenye vinywele vidogo mno, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Seli hizo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Sauti kubwa kwa saa nyingi huziua kidogo kidogo. Basi kijana apunguze sauti, aweke vituo vya mapumziko, azivue spika anapovuka barabara, na asilale nazo. Usingizi nao ni sehemu ya masomo, kwa kuwa ubongo hutumia muda huo kuyaimarisha yaliyosomwa mchana.

Wajibu wa nyumba na msikiti

Tunawaomba wazazi wabadilishe swali. Badala ya kumuuliza kijana kwa nini ana spika masikioni, wamuulize: "Umesikiliza nini leo? Nisimulie." Kisha wakae wasikilize kweli. Hawahitaji kujua Kiingereza wala kuwa na cheti. Anayesikiliza muziki hatakuwa na la kusimulia; anayesoma atapata mtu wa kumsomea. Kijana akikwama, wasimcheke wala wasimfokee, bali wamwache arudi akaangalie, kesho ajaribu tena.

Nyumba nayo itavuna. Ramadhani inapoingia katika msimu wa joto la Dodoma, bibi ataona mkojo umepungua na rangi yake imekolea, naye ataogopa. Mjukuu anayesoma fiziolojia anaweza kumweleza kwamba figo huchuja takriban lita 180 kwa siku na kurudisha karibu yote katika damu, na kwamba mwili ukipungukiwa maji, ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zirudishe maji mengi zaidi. Atamshauri anywe maji ya kutosha kati ya futari na daku, na akiona kizunguzungu au udhaifu usio wa kawaida aende hospitali, maana dini imempa ruhusa ya kufungua aliye mgonjwa. Lakini hapa wazazi nao wajizuie: kijana wa mwaka wa kwanza hajawa daktari. Asiandikiwe majirani foleni ya kutibiwa sebuleni, wala asiombwe kubadilisha dawa za mtu.

Kwa misikiti tunapendekeza jambo jepesi lisilo na gharama kubwa. Chumba cha madrasa, ambacho aghalabu hukaa kitupu baada ya Isha, kifunguliwe kwa wanafunzi wa vyuo, wasichana wakitengewa siku zao au upande wao kwa utaratibu unaolinda stara. Kiwe na taa, ubao, chaki na soketi ya kuchajia simu. Wakae wawili wawili: mmoja asimulie somo alilolisikiliza, mwenzake ashike kitabu na kumsahihisha, kisha wabadilishane. Sisi tumeanza hivyo na kikundi kidogo. Tumeona kwamba wale watoto wadogo wa juzuu amma wanaochelewa kuondoka husimama mlangoni kuwatazama kaka na dada zao wakichora mioyo na figo ubaoni, na wengine wameanza kuuliza maswali.

Nyanda zetu hizi zina vijiji vingi ambako mjamzito husafirishwa mwendo mrefu kumfikia daktari. Miongoni mwa vijana wanaopita leo mitaani wakiwa na waya masikioni, wamo watakaokuja kumpokea mama huyo. Tuwape nafasi wasikilize, na sisi tuwasikilize wao, ili siku hiyo wanachokijua kiwe kimeshapita ulimini mwao na kusahihishwa.

Mwenyezi Mungu awazidishie elimu yenye manufaa, awajaalie kuwa madaktari waaminifu, na atulipe sote kwa subira ya kuwalea. Wabillahi tawfiq.